Kisu cha Nakala na Chuma Tulichokisahau

Katika ua wa nyumba yangu hapa Kihesa, pembeni ya banda la kuku, pana tanuru dogo nililolitengeneza kwa rimu ya gari, udongo wa kichuguu na draya ya saluni iliyochakaa. Draya ndiyo inayopuliza moto. Fuawe ni kipande cha ekseli ya lori nilichokinunua kwa wauza vyuma chakavu, baada ya kukataa katakata kipande cha reli ambacho muuzaji hakutaka kunieleza kilitoka wapi. Majirani walidhani mwalimu wa chuo ameanza kazi ya kuchomelea mageti. Sasa wamelizoea tanuru, na watoto wao huja Jumamosi kutazama cheche.

Nilichokuwa nikifua humo ni nakala ya kisu. Kisu chenyewe kilikuwa cha babu mzaa babu yangu, na kwa miaka yote ninayoikumbuka kilitunzwa na shangazi yangu huko Kilolo, kimefungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku la bati. Mwaka juzi kikao cha ukoo kiliamua kwamba kisu kikabidhiwe kwa mrithi wa jina, ambaye anaishi Mufindi. Uamuzi ulikuwa wa haki na sikuupinga. Niliomba jambo moja tu, kwamba nikae nacho kwa wiki mbili kabla hakijaondoka, nikipime na kujifunza namna kilivyotengenezwa. Shangazi aliniuliza, "Utakipima ili iweje, mwanangu?" Nilimjibu kwamba nataka kutengeneza kingine. Alicheka, akanipa.

Makala haya yanahusu yale niliyojifunza katika kukinakili. Nimefundisha historia kwa miaka mingi na nimesoma maandiko mengi kuhusu uhunzi wa Afrika Mashariki, lakini nakiri kwamba sikuwa nimewahi kujiuliza swali jepesi kuliko yote: chuma cha kisu hiki kilitoka wapi?

Kwa umbo, kisu hicho kinafanana na mkuki mdogo. Kina makali pande zote mbili, kimepanuka katikati kama jani na kina mgongo mwembamba unaopita katikati ya bapa hadi karibu na ncha. Msuka wake umepigiliwa ndani ya mpini wa mti mgumu, na mahali bapa linapoingia mpinini pamezungushiwa masango, yaani waya wa shaba nyeupe ulioletwa na misafara ya biashara kutoka pwani. Kwa hiyo hata kabla Mjerumani hajafika, kitu hiki kidogo tayari kilikuwa na sehemu mbili: chuma cha bara na waya wa ng'ambo. Wanafunzi wangu hupenda kugawa historia yetu katika "asili" na "kigeni", nami tangu siku hiyo huwaambia watazame masango yale.

Niligusa bapa kwa tupa, sehemu ya chini karibu na mpini ambako alama haitaonekana. Tupa iliuma kwa urahisi. Chuma kilikuwa laini, laini kuliko kisu chochote cha jikoni. Nilipokisogeza kwenye mwanga nikaona mistari myembamba iliyolala sambamba na bapa, kama nyuzi za mti, na hapa na pale vitobo vidogo vyeusi. Mtu asiyejua angesema ni chuma duni. Ukweli ni kwamba mistari ile ndiyo hati ya kuzaliwa ya kisu. Inaonyesha kwamba chuma hakikuwahi kuyeyuka.

Chuma huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,538 za Selsiasi. Matanuru ya wahenga wetu hayakufikia joto hilo, wala hayakulihitaji. Katika joto la nyuzi 1,200 hivi, mkaa huondoa oksijeni iliyoshikamana na udongo wa chuma, uchafu huyeyuka na kutiririka kuwa mavi ya chuma, na kinachobaki ni bonge lililojaa matundu kama sifongo. Bonge hilo hupashwa moto tena na kupigwa, hupashwa na kupigwa, mpaka uchafu utoke na chuma kishikane. Uchafu hautoki wote. Masalia yake ndiyo vile vitobo vyeusi na ile mistari. Kwa maneno mengine, babu hakununua chuma cha kisu chake dukani. Kuna mtu aliyekitoa ardhini.

Ni nani huyo? Siwezi kumtaja kwa jina, lakini tunazifahamu jamii za Nyanda za Juu Kusini zilizosifika kwa kazi hiyo. Wapangwa na Wakinga, katika milima inayoinamia Ziwa Nyasa, walikuwa wayeyushaji na wahunzi waliojulikana mbali. Upande wa magharibi, Wafipa walijenga matanuru marefu waliyoyaita malungu, yenye kimo cha kupita mtu, yakavuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Lile bonge la kwanza lililotoka humo lilisafishwa mara ya pili katika tanuru dogo lenye mivukuto. Tunayajua haya kwa sababu baadhi ya malungu yangali yamesimama Ufipa hadi leo, na kwa sababu watafiti waliwahi kuwakuta wazee waliokumbuka kazi. Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa aliandika kuhusu wahunzi wa Ufipa mwaka 1969. Baadaye Bertram Mapunda aliufanya uhunzi huo kuwa kazi kubwa ya maisha yake ya kitaaluma, na Randi Barndon kutoka Norwei aliwalinganisha Wafipa na Wapangwa. Wote wanaeleza jambo ambalo mhandisi wa leo angelipuuza: tanuru lilitazamwa kama mwili wa mwanamke, na kuyeyusha chuma kama kujifungua. Mayeyushaji alijitenga na mkewe kwa muda wa kazi, dawa zilizikwa chini ya tanuru, na nyimbo ziliimbwa.

Sitaki kulifanya hilo kuwa kichekesho wala kuwa utukufu. Niliposimama mbele ya tanuru langu la draya nilianza kuelewa faida moja ya kawaida kabisa ya miiko ile. Kazi ya kuyeyusha ilihitaji watu wengi kwa siku nyingi: wa kuchimba udongo wa chuma, wa kukata miti na kuchoma mkaa, wa kufinyanga mirija ya udongo, wa kukesha. Mwiko uliwakusanya mahali pamoja, mbali na nyumbani, wakiwa chini ya amri ya mtu mmoja, na wimbo uliwapa mwendo. Kazi iliyofungwa namna hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja nyuma ya banda la kuku.

Hapo ndipo nakala yangu iliponikwama kwa mara ya kwanza. Umbo la kisu ningeweza kuliiga. Chuma chake sikuweza. Nilichokuwa nacho ni jani la springi la gari la mizigo lililotengenezwa Japani, chuma cha pua kilichosawazishwa kiwandani hadi chembe ya mwisho. Ni chuma bora kuliko kile cha babu kwa kila kipimo cha maabara. Lakini hakina mistari, na kwa mhunzi wa zamani kingekuwa mgeni asiyejua tabia yake.

Tabia hiyo iliniumbua. Bapa la kwanza lilinichukua Jumamosi nne. Nililipasha moto, nikalinyoosha, nikapiga mgongo wa katikati kwa nyundo ndogo na kulisugua kwa tupa mpaka likalingana na karatasi niliyochora. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba mhunzi hukitia kisu matiko kwa kukitosa majini, nikakipasha mpaka kikawa chekundu na kukitumbukiza ndani ya ndoo ya maji baridi ya kipupwe cha Iringa. Nikasikia mlio kama wa kuvunjika kwa kijiti. Ufa ulikuwa umepita kutoka kwenye makali hadi mgongoni.

Mhunzi mmoja mzee wa hapa mjini, ambaye hufua mashoka na vyuma vya kukwatulia, alilitazama bapa lile akaniuliza kama nilikuwa nimewahi kuona mtu akimmwagia maji kikaango cha udongo kinachotoka motoni. Chuma cha springi, alinieleza, kinataka mafuta ya vuguvugu, si maji. Na kabla ya kukitosa, kijaribu kwa sumaku: kikifika joto lake sumaku itakikataa. Baada ya hapo kirudishe kwenye moto mdogo mpaka bapa lipate rangi ya majani makavu. Huyu ni mtu aliyeishia darasa la saba. Niliporudi nyumbani nikafungua vitabu, nikakuta kila alichosema kimeandikwa humo: chuma hupoteza mvuto wa sumaku karibu na nyuzi 770, na rangi ya majani makavu hutokea kwenye nyuzi 200 na kidogo. Lakini chuma laini cha babu hakikuhitaji lolote kati ya hayo. Kilinolewa kwa kupigwa makali yake kikiwa baridi, kisha kwa kinoo. Kilipopinda kilinyooshwa. Nilikuwa nimetumia ufundi wa kitabu kimoja juu ya chuma cha kitabu kingine.

Jambo hili limewahi kuwapata watu wakubwa kuliko mimi. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, mkoani Kagera, walikubali kumwonyesha Peter Schmidt, mwanaakiolojia kutoka Marekani, namna baba zao walivyoyeyusha chuma. Kazi hiyo ilikuwa imelala kwa takribani nusu karne. Majaribio ya kwanza hayakufanikiwa. Wazee walibishana, wakabadili mpangilio wa mirija ya udongo, wakabadili mkaa, mpaka chuma kikapatikana. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science, wakidai kwamba hewa iliyopita ndani ya mirija ilipata joto kabla ya kuingia katika moto. Dai hilo limepingwa na limetetewa tangu wakati huo, nami si mtaalamu wa kuamua. Kinachonivutia ni zile siku za kushindwa. Zinaonyesha kwamba ujuzi ulikuwa mikononi na katika mabishano ya wazee zaidi kuliko katika simulizi zao, na kwamba ungechelewa miaka kumi zaidi pengine pasingekuwapo mtu wa kubishana.

Basi ni nini kilichoizima mioto hiyo? Jibu la haraka, ambalo wanaharakati wenzangu hulipenda, ni kwamba mkoloni alipiga marufuku. Jibu jingine la haraka, ambalo nimelisikia katika semina za watumishi wa serikali, ni kwamba ufundi wetu ulikuwa duni ukashindwa na bidhaa bora. Majibu yote mawili yanakimbia kazi ya kutazama.

Jembe la Ulaya lilikuwa rahisi, hilo ni kweli. Lilifika kwa meli, baadaye kwa reli, likiwa limetengenezwa kwa wingi ambao hakuna tanuru la udongo lingeweza kushindana nao. Lakini bei peke yake haitoshi kueleza. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu mazingira na uchumi wa Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi biashara ya majembe ya kienyeji ilivyokuwa kubwa katika karne ya 19. Majembe yalitembea mamia ya kilomita, yakatumika kama mahari na kama fedha. Biashara ya namna hiyo haifi kwa sababu duka moja limefunguliwa.

Tazama badala yake kalenda. Kuyeyusha chuma ilikuwa kazi ya kiangazi, mavuno yakiisha na mkaa ukiwa mkavu. Mwishoni mwa miaka ya 1890 serikali ya Kijerumani ilianzisha kodi ya nyumba. Kodi ilitaka sarafu, na sarafu ilipatikana mashambani kwa wazungu. Chini ya Waingereza mikoa yetu ikageuzwa kuwa ghala la vibarua: vijana wa Kibena, Kikinga, Kipangwa na Kihehe walikwenda kwenye mkonge wa Tanga, na katika miaka ya 1930 kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya. Kiangazi kilipofika, mwenye tanuru alikuwa na dawa zake, nyimbo zake na udongo wake wa chuma, lakini hakuwa na watu. Hakuna sheria iliyohitajika kuandikwa. Ufipa, moto wa mwisho wa malungu ulizimika katika miaka ya 1930 hiyohiyo.

Mhunzi, yaani yule anayefua chuma kilichokwisha kuyeyushwa, aliendelea. Alihamia kwenye vyuma chakavu: kwanza majembe yaliyochakaa, kisha springi za magari. Kwa hiyo mzee aliyenifundisha kutumia mafuta ya vuguvugu hakupoteza ufundi. Amerithi nusu ya pili ya kazi ambayo nusu yake ya kwanza ilikatwa.

Hapa Iringa kila mtoto wa shule anaijua Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 majeshi ya Mkwawa yaliuvamia msafara wa Emil von Zelewski na kuuangamiza. Kamanda mwenyewe akafia hapo pamoja na Wajerumani wenzake na askari wengi. Zelewski alikuwa amepewa na Waafrika jina la Nyundo. Tumeimba sana ushujaa wa siku ile na tuna haki ya kuuimba. Lakini silaha iliyofanya kazi kubwa ilikuwa mkuki, na mkuki una kichwa cha chuma, na nyuma ya kila kichwa cha chuma kuna magunia ya mkaa na watu waliokesha. Sijawahi kuona mnara wa mhunzi. Hata katika makumbusho ya Kalenga, ambako silaha za enzi hizo zimehifadhiwa karibu na fuvu la Mtwa, mgeni huuliza mkuki ulitumiwa na nani. Haulizi uliundwa na nani. Nami nilikuwa mgeni wa namna hiyo kwa miaka ishirini.

Kumtaja Mtwa kunanirudisha kwenye suala la nakala. Wana-Iringa tumeishi na swali la kitu halisi tangu mwaka 1954, Gavana Edward Twining alipolirudisha fuvu kutoka Bremen, baada ya kulichagua miongoni mwa mafuvu mengi kwa kutumia vipimo. Wapo waliotilia shaka uchaguzi huo. Wapo, na ndio wengi, waliolipokea na kulizika shaka hilo. Sasa mjadala umehamia kwenye maelfu ya vitu vingine vilivyochukuliwa kutoka nchini na kuhifadhiwa katika makumbusho ya Ujerumani, vikiwamo vya Vita vya Majimaji. Mwezi Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikuja Songea, akaomba radhi. Tangu hapo katika makongamano linasikika pendekezo lenye sauti ya upole: teknolojia ya leo inaweza kutengeneza nakala kamili ya kitu chochote, je, nakala isingetosha?

Kabla ya kufua kisu hiki ningejibu kwa hasira. Sasa najibu kwa uzoefu. Nakala ni kitu chenye thamani, na mimi ninayo. Nimejifunza mengi katika kuitengeneza kuliko ningejifunza kwa kukitazama kisu cha babu kikiwa nyuma ya kioo. Lakini niliweza kuitengeneza kwa sababu kile halisi kilikuwa mikononi mwangu wiki mbili, nikakipima, nikakigusa kwa tupa, nikaiona mistari. Picha isingenionyesha kwamba chuma ni laini. Mwenye kitu halisi ndiye mwenye uwezo wa kuuliza swali jipya kesho. Mwenye nakala anabaki na majibu ya maswali yaliyoulizwa jana. Ikiwa nakala inatosha, basi na iwatoshe wao.

Kuna upande mwingine wa jambo hili usiopendeza. Bapa langu la pili lilipokamilika, na mpini ukawa tayari, mfanyabiashara mmoja wa vinyago alikuja kukitazama kisu. Alinishauri nikifukie kwenye udongo wenye chumvi kwa miezi miwili, nipake mpini masizi na samli, kisha yeye angenitafutia mteja mgeni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali cha kutoa vitu vya kale nje ya nchi. Kwa ujanja wake, alisema, hatutavunja sheria kwa kuwa kisu si cha kale. Nilitafakari hoja hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri, maana alitaja bei. Kesho yake nilichukua patasi ya chuma, nikachonga kwenye msuka mwaka wa kutengenezwa na neno "Kihesa". Mafundi wanaoiga vya kale waige, lakini wachonge mwaka. Historia yetu ina mashimo ya kutosha bila sisi kuyajaza kwa uongo wa chumvi.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani kama yote haya si starehe ya mwenye mshahara. Ni starehe, kwa kweli. Lakini nilimwomba achukue ramani, aweke kidole Ludewa, katika nchi ya Wapangwa. Hapo pana Liganga, ambako serikali inakadiria kuwapo kwa tani milioni 126 za chuma, na si mbali pana makaa ya mawe ya Mchuchuma, tani milioni 428. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa liliingia ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ili kuvichimba na kuyeyusha chuma hapohapo. Miaka zaidi ya kumi ikapita bila tanuru kuwashwa. Mbeya tulikuwa na kiwanda cha Zana za Kilimo, ZZK, kilichofua majembe, kilibinafsishwa, kikasimama. Jembe analonunua leo mkulima wa Ludewa, aliyezaliwa juu ya chuma, mara nyingi limevuka bahari.

Sisemi kwamba turudi kwenye malungu. Misitu yetu isingestahimili mkaa huo, na chuma cha Liganga chenyewe, kilichochanganyika na titani na vanadi, kina ukaidi wake unaohitaji wataalamu. Ninachouliza ni kwa nini katika mijadala ya Liganga, ambayo nimeifuatilia bungeni na magazetini, hutajwa mwekezaji, mtaji, vivutio vya kodi na bei ya dunia, na hatajwi mhunzi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973 likiwa na mtu wa namna hiyo katika fikra zake. Wahunzi wangali wapo Ludewa, Njombe, Iringa na Mbeya, wakisubiri springi za magari yaliyokufa. Wana matiko mikononi, hawana chuma. Nchi ina chuma ardhini, na inatafuta ng'ambo watu wenye matiko.

Mwezi uliopita nilikwenda Kilolo kumwonyesha shangazi kisu changu. "Kamwene," nilimsalimu, na baada ya chai nikakitoa. Alikigeuza, akakipima uzito kwa kiganja, akachana nacho ukili wa mkeka aliokuwa akiusuka. Kilikata vizuri kuliko cha babu. Chuma cha Japani si mzaha. Akalisoma neno lililochongwa kwenye msuka, mahali unapochungulia mpinini, akaniuliza nani kaandika. Nikamwambia ni mimi. Akakifunga kwenye kile kitambaa kilichobaki baada ya kisu cha kwanza kwenda Mufindi, akakiweka katika sanduku la bati, akafunga kwa kufuli. Niliporudi Kihesa jioni ile sikuwa na kisu chochote, na ilinibidi niwashe tanuru upya.